Ni Nani Aliyetaja Majina?
Habari za watu wa pwani yetu na kuandikishwa vitani



Kurasa za mbele zimekwisha kuwaeleza hesabu za fedha, misaada ya wagonjwa na mazishi, na karo za watoto wetu. Kurasa hizi chache zilizobaki ni za habari za kale za nchi yetu, tangu Malindi na Mto Sabaki hata Takaungu na Kilifi. Nimechagua jambo ambalo huzungumzwa sana barazani kila vijana wanapoitwa uwanjani kupimwa kwa ajili ya jeshi, nalo ni hili: je, ni haki mtu kwenda vitani, au ni haki akatae?

Wako wanaosema ya kwamba aliyekwenda ndiye mwanamume, na aliyekataa ni mwoga. Wako wanaojibu ya kwamba aliyekataa ndiye shujaa, na aliyekwenda alikuwa mtumwa wa Mzungu. Nimezisoma habari hizi kwa muda mrefu, na naona maneno yote mawili yanapita kando ya jambo lenyewe. Mara nyingi katika nchi yetu kijana aliyebeba mzigo au bunduki siye aliyeulizwa. Aliyeulizwa alikuwa mzee wake, na swali lililoletwa mlangoni kwake lilikuwa: "Utamtoa nani?" Kwa hiyo mzigo wa haki na batili ulimwangukia kwanza yule aliyetakiwa kutaja majina, na historia yetu imemsahau mtu huyo.

Tuanze na mwaka 1912. Katika miaka hiyo Wagiriama walikuwa wamekwisha kuvuka Sabaki na kulima bara ya Malindi na Mambrui. Mahindi yao yaliuzwa kwa wafanyabiashara wa pwani, na mwenye shamba zuri na mbuzi wake hakuwa na haja ya kwenda kuomba kazi ya mshahara kwa mtu. Jambo hili wengi hulisahau wanapouliza kwa nini Wagiriama walikataa kazi za Wazungu. Hawakukataa kazi, maana walikuwa wakifanya kazi nyingi mno. Walikataa kuiacha kazi yao wenyewe iharibike ili wakafanye ya mwingine kwa ujira mdogo.

Tena walikuwa na kumbukumbu nyingine. Mashamba makubwa ya mtama na ufuta ya Malindi, yaliyosifiwa na wasafiri wa karne ya kumi na tisa, yalilimwa na watumwa. Watoro wao walikimbilia bara, wengine Fuladoyo, wengine kwa wamisheni Rabai. Sheria haikuacha kuutambua utumwa katika pwani yetu mpaka mwaka 1907. Basi mzee aliyekaa barazani kwake mwaka 1912 alikuwa ameyaona kwa macho yake mambo ya watu kuchukuliwa na kutorudi. Mgeni alipokuja na daftari, akahesabu nyumba na kuuliza vijana wenye nguvu ni wangapi, mzee yule hakuhitaji kufundishwa na mtu yeyote maana ya kuhesabiwa.

Mgeni huyo alikuwa Bwana Arthur Champion, Msaidizi wa D.C., aliyewekwa kwa Wagiriama mwaka huo wa 1912. Mkubwa wake Mombasa alikuwa Bwana Charles Hobley, P.C. wa Jimbo la Pwani. Kazi ya Champion ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba na kupata watu wa kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu na katika kazi za Serikali. Lakini alikuta tatizo. Wagiriama hawakuwa na mfalme wala chifu mmoja ambaye angeweza kuamrishwa. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa kambi, na wenye viapo vikubwa walikuwa wachache wanaojuana. Serikali ikateua wakubwa wake yenyewe, ikawaita mahedimani, na sheria ya mwaka 1912 ya mamlaka ya wenyeji ikawapa amri ya kuita watu kazini.

Mtazameni hedimani huyu. Hakuwa na fimbo ya kaya. Alikuwa na karatasi ya Serikali na rupia chache za mshahara. Waliomjua tangu utoto wake hawakuona sababu ya kumtii, na waliompa karatasi hawakumwuliza kama anaweza kutiiwa. Akaambiwa: lete watu kadhaa kufikia siku fulani. Yeye mwenyewe hakutakiwa kwenda popote. Alitakiwa kutaja tu.

Hapo ndipo aliposimama Mekatilili wa Menza. Habari zake mnazijua, na sanamu yake imesimama Malindi hata leo, kwa hiyo sitasimulia yote. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mjane, na jina lake ni la mama mwenye mtoto, maana yake mama wa Katilili. Pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola alipita nchi nzima mwaka 1913, akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, akiwaambia wasitoe vijana wao. Inasimuliwa ya kwamba katika baraza moja alileta kuku mwenye vifaranga, akamwambia Champion ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Mzungu akanyoosha mkono, na kuku akamdonoa. Mama akasema, hivyo ndivyo utakavyoona ukijaribu kumchukua mtoto wetu mmoja.

Hadithi hii watu huipenda kwa sababu inachekesha, na Mzungu anaaibika. Mimi naipenda kwa sababu nyingine. Katika mabaraza yote yale waliokuwa wakizungumza juu ya vijana walikuwa wanaume wazima: Mzungu, mkalimani wake, mahedimani na wazee. Mama aliyemzaa kijana hakuulizwa, wala kijana mwenyewe. Mekatilili alikuja na kuku kuwakumbusha ya kwamba kila jina linalotajwa barazani lina mtu aliyelizaa.

Kisha akafanya jambo zito zaidi. Watu walikusanyika Kaya Fungo, na viapo vikatolewa: wanawake kiapo chao cha mukushekushe, na wanaume kiapo cha fisi, ambacho kwa Wagiriama hakuna kilichokuwa kikali kuliko hicho. Yeyote atakayeisaidia Serikali kupata watu, kiapo kitamshika.

Sasa mrudieni hedimani wetu. Akitaja jina, kiapo kitamwua, au jirani zake watamfanya kama maiti. Asipotaja, Serikali itamtoza faini, itamfunga, itamweka mwingine mahali pake. Nadhani hakuna mtu katika nchi ya Wagiriama mwaka ule aliyekuwa katika dhiki kubwa kuliko huyu, na bado ndiye asiyeimbwa wala kutungiwa hadithi, ila kwa kulaumiwa. Wengine walifanya walichoweza: walikawia, walisema vijana wamekwenda kuwinda, walileta watu wachache mahali pa wengi. Champion aliona kukawia huku kuwa ni uvivu na ukaidi. Mimi naona lilikuwa jibu pekee lililobaki kwa mtu ambaye majibu yote mawili yamefungwa.

Hapa niseme neno ambalo pengine halitawapendeza wote. Sisi tunaomsifu Mekatilili, nami ni mmoja wao, tusisahau ya kwamba kiapo nacho ni amri. Kijana aliyetaka kwenda kufanya kazi mashambani, labda ili apate mahari bila kumngojea baba yake, naye hakuachiwa nafasi. Alikatazwa kwa hofu kama wengine walivyopelekwa kwa hofu. Tofauti iko, nayo ni kubwa: kiapo kilikuwa cha watu wake, kilimweka nyumbani, wala hakikumtoa kafara kwa vita visivyo vyake. Lakini mtu asiseme kwamba upande mmoja ulikuwa uhuru mtupu.

Mekatilili na Wanje walikamatwa mwezi wa Oktoba 1913, wakapelekwa Kisii, mwisho wa nchi upande wa magharibi. Kaya Fungo ikafungwa, wazee wakaamriwa kuviondoa viapo. Januari 1914 wale wawili wakatoroka gerezani, wakarudi kwa miguu hata nchi ya Wagiriama. Agosti wakakamatwa tena. Tarehe 4 Agosti 1914 Serikali ikaivunja Kaya Fungo kwa baruti, na milango na miti ikachomwa. Siku ile ile, huko London, Uingereza ilitangaza vita juu ya Ujerumani. Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa tarehe hiyo kwa sababu ya Ubelgiji. Hatukuambiwa habari ya kaya.

Tangu siku ile haja ya watu iliongezeka mara nyingi. Wajerumani walikuwa Tanganyika, mpaka uko karibu na Vanga, nao waliiteka Taveta mwezi huo huo. Jeshi lilitaka wapagazi, maana katika nchi ile mbung'o waliua ng'ombe na punda, na mizigo ya askari haikuwa na njia nyingine ila kichwa cha mtu. Serikali ikawataka Wagiriama tena, kukazuka mapigano, na askari wa Keya wakaletwa. Mishale ilipigana na bunduki. Nyumba zilichomwa, mbuzi na ng'ombe wakachukuliwa, watu wengi wakafa. Ilipofika Oktoba wazee walikubali masharti: faini ya rupia 100,000, kuhama ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, yaani kuyaacha yale mashamba mazuri, na kutoa watu 1,000 wa kazi. Someni tena sharti hilo la mwisho. Faini ya kukataa kutoa watu ilikuwa ni kutoa watu. Miaka michache baadaye Serikali yenyewe ililegeza amri ya kuhama, watu wakavuka tena mto. Mekatilili aliruhusiwa kurudi mwaka 1919, akafa mwaka 1924, akazikwa Bungale.

Lazima tuulize pia, hao waliozichoma nyumba ni akina nani? Maofisa walikuwa Waingereza, lakini mikono iliyoshika viberiti ilikuwa ya Waafrika. Keya ya wakati ule ilikuwa na Wasudani, Wayao wa Nyasaland na watu wa makabila mengine ya mbali, wengi wao waliojiandikisha kwa hiari. Sidhani hata mmoja wao alipoweka alama ya kidole chake katika karatasi alifikiri habari za bibi mmoja wa Kigiriama na kibanda chake. Aliandikishwa kuwa askari, akatumwa. Hili ndilo jambo ambalo kijana anayekwenda jeshini kwa hiari hawezi kulijua kabla: anachagua kuingia, lakini adui huchaguliwa na mwingine. Wanaosema kwamba hiari huondoa swali lote la haki hawajaitazama Giriama ya 1914.

Sasa nije kwenye Kariakoo. Jina hili lilitokana na maneno ya Kiingereza ya kikosi cha wapagazi, na limebaki katika mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam, ambako watu huuza mchicha na nguo bila kukumbuka asili yake. Mkuu wa kikosi hicho alikuwa Bwana Oscar Watkins. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuwachukua watu kwa nguvu, na mwaka 1917 vita vilipohamia kusini ya Tanganyika, Bwana John Ainsworth aliwekwa kusimamia ukusanyaji wa watu katika nchi nzima ya Kenya. Katika miezi michache walikusanywa zaidi ya 100,000. Wapagazi walikufa kwa kuhara damu, homa ya mapafu na malaria, na kwa chakula wasichokizoea, unga wa mahindi uliopikwa nusu kwa sababu kuni zilikuwa mbichi na muda haukuwapo. Hesabu rasmi za Waingereza zilitaja vifo zaidi ya 40,000, na waandishi wa historia waliokuja baadaye wanaona walikuwa wengi zaidi. Mishahara ya maelfu ya marehemu haikuwafikia warithi. Fedha hizo zilibishaniwa miaka mingi baina ya Nairobi na London, na mwisho hazikulipwa.

Machifu na mahedimani walipewa idadi, nao wakatafuta watu. Walimpata nani? Katika nchi nyingi za Kenya mwaka 1917 jibu lilikuwa moja: walipatikana wasio na mtetezi. Mwenye ng'ombe wengi mwanawe alibaki. Aliyekwenda ni yatima, mgeni aliyekuja kuishi kwa wajomba, mdaiwa, mtoto wa mjane, na yule aliyekuwa na ugomvi na chifu. Wengine walikuwa wagonjwa, madaktari wakawarudisha, wengine wasirudishwe. Nasikitika kusema kwamba hapa hatuwezi kumlaumu Mzungu peke yake. Mzungu alitaja idadi. Aliyejua nani ni yatima na nani ana wajomba wenye nguvu alikuwa mtu wetu.

Dini zetu zote mbili zimelisemea jambo hili, nami nashangaa kwamba halihubiriwi. Katika Torati, kitabu cha Kumbukumbu sura ya 20, kabla ya watu kwenda vitani wakubwa huamriwa kuwarudisha nyumbani aliyejenga nyumba mpya, aliyepanda mizabibu asiyekula bado matunda yake, aliyeposa asiyeoa bado, na hata mwenye hofu. Na Waislamu wanayo habari ya mtu aliyemjia Mtume akitaka ruhusa ya kwenda kupigana. Akaulizwa kama wazazi wake wako hai, naye aliposema wako, akaambiwa arudi akawatumikie. Katika mafundisho haya mawili mwenye mamlaka ya kuita watu anatakiwa kwanza amjue mtu na nyumba yake, kisha amwache yule ambaye nyumba yake inamhitaji. Katika Kariakoo ilikuwa kinyume chake: aliyejulikana kuwa tegemeo la mjane ndiye aliyekuwa rahisi kuchukuliwa.

Na tulinganishe na Waingereza wenyewe. Mwaka 1916 nchi yao nayo ilianza kuwachukua vijana kwa sheria. Lakini sheria hiyo iliweka mabaraza maalumu, ambapo kijana aliweza kusimama na kusema ya kwamba dhamiri yake inamkataza kuua. Watu wapatao 16,000 walifanya hivyo. Hawakupendwa, walitukanwa, na maelfu walifungwa. Sitaki kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Hata hivyo mlango ulikuwapo, na juu yake neno dhamiri liliandikwa. Mwaka uliofuata, Ganze au Marafa au Kaloleni, hapakuwa na baraza la namna hiyo. Mpagazi hakudhaniwa kuwa na dhamiri, alidhaniwa kuwa na kichwa cha kubebea.

Nisije nikaeleweka vibaya, ya kwamba hakuna aliyekwenda kwa kupenda. Walikuwako. Mwaka 1914 Bwana Arthur Wavell, Mwingereza aliyekuwa mwenye shamba karibu na Mombasa na aliyejua Kiarabu, aliunda kikosi cha Waarabu wa pwani waliopigana upande wa Vanga. Yeye na wengi wao waliuawa Mwele mwezi wa Januari 1916. Watu hawa walikuwa na swali lao la pekee. Novemba 1914 Sultani wa Uturuki, aliyekuwa Khalifa wa Waislamu, alitangaza jihadi juu ya Waingereza. Lakini Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub, ambaye bendera yake nyekundu ilipepea Malindi na Takaungu, alisimama upande wa Waingereza. Mwislamu wa pwani aliyetaka kutii alikuwa na wawili wa kuwatii, nao hawakupatana. Wengi walitulia majumbani mwao, nami siwaiti waoga. Nao watu wa misheni ya Rabai na Frere Town, ambao wazee wao walikombolewa majahazini, walikuwa na sababu zao za kuona kwamba Serikali ya Kiingereza inawadai. Sababu hizo Mgiriama wa Jilore hakuwa nazo, na haifai kuzipima kwa mizani moja.

Vita vya pili nitavipitia upesi, maana wazee wengi walivieleza wenyewe walipokuwa hai. Tarehe 24 Oktoba 1940 ndege za Waitaliano ziliutupia mabomu mji wa Malindi. Kwa mara ya kwanza kijana wa Malindi aliweza kusema ya kwamba vita vimemjia mwenyewe. Waafrika wa Kenya wapatao 98,000 waliingia jeshini kati ya 1939 na 1945, wengine kwa hiari, kwa ajili ya mshahara au kuona dunia, na wengine kwa mkono wa chifu kama zamani. Tena tangu 1942 Serikali ilikuwa na amri ya kuwapeleka watu kwa nguvu katika mashamba yaliyohesabiwa kuwa ya lazima kwa vita, mkonge ukiwa mojawapo, na mkonge ni zao la pwani yetu. Vijana walijua ya kwamba anayekwepa Keya huenda akaangukia mkonge, na Keya ililipa zaidi. Hiari ya namna hiyo mtu aihesabu kwa uangalifu.

Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Ceylon, ikichukua pamoja na wengine kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki. Tarehe 12 ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Visiwa vya Maldive, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297. Waliofika salama katika safari nyingine walipigana Burma katika Bonde la Kabaw, wakati wa mvua kubwa. Waliporudi, Wazungu waliokuwa askari walipewa mashamba Kenya, kama walivyopewa baada ya vita vya kwanza. Mwafrika alipewa nguo, akiba yake na cheti.

Leo mambo yamegeuka, kiasi kwamba Mekatilili asingeamini. Jeshi la Kenya likitangaza nafasi, vijana wetu hujaa uwanjani alfajiri kabla ya maofisa kufika, wakipimwa urefu, meno na mbio. Baba aliyezaliwa na mtu aliyefichwa kichakani mwaka 1917 sasa yuko tayari kuuza shamba ili mwanawe achukuliwe, na Jeshi lenyewe huonya kila mwaka juu ya wanaotoa na kupokea rushwa. Simlaumu baba huyo. Mshahara wa kila mwezi ni kitu kikubwa katika nyumba isiyo na hati ya ardhi, na nyumba hizo ni nyingi Magarini na Ganda. Lakini naye ametaja jina la mtoto wake. Tangu Oktoba 2011 askari wa Kenya wamepigana Somalia, na tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde ilishambuliwa, wengi wakafa. Mwisho wa 2025 Serikali ilitangaza ya kwamba Wakenya zaidi ya 200 huenda wamo katika majeshi ya Urusi, baadhi yao wakiwa wamedanganywa na mawakala kwa ahadi za kazi nyingine. Wakala huyo ni hedimani wa siku hizi, ila yeye hakutishwa na mtu yeyote, naye hulipwa kwa kila kichwa. Akija kijijini na karatasi zake, mzee anayeombwa kumwonyesha nyumba zenye vijana anaweza kukataa. Hatafungwa wala kutozwa faini. Wazee wa 1914 hawakuwa na bahati hiyo.

Limebaki jambo moja la kazi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake ya kwamba askari na wapagazi wa Afrika na Asia kati ya 45,000 na 54,000 waliokufa katika vita vya kwanza hawakupewa ukumbusho sawa na wenzao, na ya kwamba wengine wasiopungua 116,000 hawakuandikwa majina popote, au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wa Kenya wamo katika hesabu hiyo. Majina yaliyotajwa barazani ili watu wachukuliwe hayakutajwa tena walipokufa.

Kwa hiyo naomba Kamati ikubali kufungua daftari moja, liwekwe pamoja na vitabu vya chama. Kila mwanachama ambaye babu au mjomba wake alikwenda Kariakoo, Keya au mkonge wa vita, alete jina lake, jina la baba yake na la mama yake, kijiji alichotoka, na kama alirudi au hakurudi. Anayejua ni nani aliyemtaja aseme pia, bila kumtukana, maana wajukuu wa mahedimani nao ni wanachama wetu. Walio na vyeti vya kufunguliwa jeshini, nishani au barua, wavilete vinakiliwe kabla mchwa hawajavimaliza. Vitarudishwa siku ile ile. Daftari litakuwa mezani kwa karani kila Jumamosi asubuhi, na wazee wasioweza kutembea watafuatwa nyumbani.